Mgongo wa Dieudonnée

Mathilde alikuwa ameficha viatu vya mke wa mwanawe ndani ya gunia la mpunga, kisha akakaa juu ya gunia lenyewe na kumkazia muuguzi macho bila aibu hata kidogo.

"Viatu haviko," alisema. "Sasa atatembea na nini? Mumuache alale."

Serge, muuguzi ambaye kazi yake ilikuwa kuwafuata wagonjwa wa moyo majumbani, alilitazama gunia, akamtazama Mathilde, akavuta kigoda na kukaa. Hakuwa mtu wa haraka. Ukimtukana alikuwa anangoja umalize, halafu anakuuliza kama umekula. Jambo hilo lilimkera Mathilde kuliko matusi.

"Mama Blaise," alisema, "mugonjwa wako amelala miezi mine. Amepona kwa kulala?"

"Si iko hai!"

"Ndiyo, iko hai. Mimi nauliza kama amepona."

Mathilde, ambaye mji mzima wa Kasongo ulimjua kwa mdomo wake, akajikalisha vizuri zaidi juu ya gunia.

Mgonjwa mwenyewe alikuwa amekaa mkekani palepale, ameegemea ukuta. Dieudonnée, mke wa Blaise, alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza, msichana, wakamwita Esther-Divine. Uzazi ulikuwa mwepesi. Wiki ya tatu miguu ikaanza kuvimba, pumzi ikawa inamwisha kwa kwenda chooni tu, na akilala chali anahisi kama anazama, basi akawa analala amekaa. Watu walisema mengi, kila mtu na lake. Hospitalini daktari alisema moyo umelegea, ni ugonjwa unaowapata wanawake wachache baada ya kuzaa, siyo uchawi na siyo kosa la mtu. Akatoa vidonge vya kupunguza maji mwilini na vingine vya kuusaidia moyo. Halafu akamgeuzia Mathilde skrini ya mashine ya kupimia moyo ili aone.

Mathilde hakuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kuutazama moyo wa mwenziwe ukiwa bado unapiga. Alijiziba mdomo. Ulikuwa unajikunja kidogo, unaachia, unajikunja kidogo, kama mkono wa mtu aliyefua nguo tangu alfajiri.

"Yesu wangu," alinong'ona. "Na miye nilikuwa namuita muvivu."

Tangu siku ile akaapa kwamba mkwe wake hatainua hata kijiko. Blaise alikuwa Salamabila kwenye machimbo ya dhahabu, anapiga simu Jumapili akipata mtandao, kwa hiyo nyumba yote ilikuwa mikononi mwa Mathilde. Yeye ndiye aliyechota maji, yeye aliyetwanga, yeye aliyemwogesha Dieudonnée kwa kitambaa. Mtoto alikaa mgongoni kwake kutwa. Na kwa kuwa mgonjwa alikonda, Mathilde akawa anampikia samaki wa chumvi kila siku ili apate nguvu, na miguu ikavimba upya hata soksi za Blaise hazikuingia. Alipogundua kwamba ni chumvi yake ndiyo iliyofanya vile, alilia jikoni peke yake, kisha akatoka akamgombeza kuku.

Lakini kutembea, hapana! Huko hakutaka hata kusikia. Mume wake mwenyewe, baba yake Blaise, alikuwa mtu wa kusukuma baiskeli za mawese kutoka Kabambare. Siku moja alilalamika kwamba kifua kinambana, akasema akitembea kitaachia, akaondoka. Walimkuta njiani, baiskeli juu yake. Mathilde alijua kile alichokijua: moyo mgonjwa ukitembezwa, unakufa.

Serge hakubishana naye. "Baba Blaise alisukuma muzigo mukubwa, bila dawa, na kifua kinauma," alisema taratibu. "Mimi siombi vile. Naomba dakika tatu."

Kutoka mkekani Dieudonnée akasema, kwa sauti iliyokatika katikati, "Dokta, nikitembea... nitaweza kumubeba?"

Kila mtu mle ndani alielewa anasema nini. Kwao Dieudonnée ni mbele ya kijiji cha Wamaza, juu ya kilima ambacho pikipiki haikipandi. Huko mama yake alikuwa anamngoja mjukuu. Na kwao wana desturi yao: mtoto wa kwanza anafika kwa bibi yake akiwa mgongoni mwa mama aliyemzaa, na bibi ndiye anayefungua kitenge kwa mikono yake. Shangazi hawezi kumbeba badala ya mama, wala mama mkwe. Kila siku ya soko yule bibi alikuwa anatuma mtu kuuliza neno moja tu: bado? Na Esther-Divine hakuwahi kukaa mgongoni mwa mama yake hata siku moja. Alikuwa akizidi kunenepa kila wiki, na mama yake akizidi kudhoofu.

"Sitakudanganya," Serge alimjibu. "Kuna ambao moyo unarudi karibu kama zamani. Kuna ambao unarudi nusu. Sijui wewe uko upande gani. Lakini najua kulala hakutakubebea mutoto. Utatembea mwendo wa kuweza kuzungumza. Ukishindwa kuzungumza, umezidisha, punguza. Kifua kikiuma, kichwa kikizunguka, unakaa chini na unaniita. Dawa huachi hata siku moja. Na chumvi," akamtupia Mathilde jicho, "chumvi inabaki dukani."

Mathilde akainuka kwenye gunia. Siyo kwamba alikubali. Ni kwamba viatu vilikuwa vinamchoma makalio.

Wakaanza uani. Dakika tatu asubuhi, dakika tatu jioni, kutoka mlango wa nyumba hadi jiko na kurudi. Mathilde alimfuata nyuma na kigoda mkononi na mtoto mgongoni, tayari kumkalisha akiyumba, huku akimwomba Mungu na kumsema Serge kwa pumzi ileile. Siku ya kwanza Dieudonnée alikaa mara nne. Baada ya wiki akakaa mara moja. Wiki ya tatu zikawa dakika nane bila kukaa, na Serge akasema sasa watoke barabarani, maana uani anazunguka tu kama anatafuta sindano.

"Ila usisimame-simame," alimwonya. "Mwendo ukianza, uendelee mpaka dakika ziishe. Kusimama na kuondoka, kusimama na kuondoka, moyo haupati mazoezi yake."

Muuguzi mzima, mtu wa palepale, akasahau anaongea na watu gani! Barabara yao ilikuwa na nyumba pande zote mbili, na mbele ya kila nyumba kuna mtu. Na mtu hapitwi hivihivi. Unasimama, unauliza amelalaje, watoto wamelalaje, shamba linasemaje, naye anakuuliza, mnacheka kidogo, ndipo unapewa njia. Dieudonnée, ambaye alitaka kumbeba mtoto wake kuliko kitu chochote duniani, alishika amri ya Serge neno kwa neno. Alipita. Alipunga mkono, akatabasamu kidogo, akapita. Mikono mitupu, hana ndoo, hana kikapu, hana jembe. Anakwenda mpaka kwenye kona, anageuka, anarudi. Jioni tena.

Siku ya tano Mathilde alikuwa kwenye foleni ya maji aliposikia mwanamke mmoja akimwambia mwenzake, "Anapita milangoni mwa watu bila salamu, anahesabu nyumba. Mutu anatembea bila safari anatafuta nini?"

Ala! Mathilde aliiacha ndoo palepale. Kuna maneno ambayo kwenye mtaa yakianza hayana mwisho mzuri, na hilo la kumdhania mtu uchawi lilikuwa moja. Moyoni, lazima tuseme ukweli, kuna sehemu ndogo yake iliyofurahi: basi, sasa sababu imepatikana, mkwe wake atarudi mkekani. Lakini hasira ilikuwa kubwa kuliko ile furaha, na ikampeleka moja kwa moja kwa Moustapha, fundi wa kushona, ambaye kibanda chake kilikuwa nyumba ya tatu kutoka kwao na ambaye hakuna neno lililopita mtaani bila kupumzika kwake kwanza.

"Fundi!" alianza akiwa bado barabarani. "Ni weye unasema mukwe wangu ni muchawi?"

Moustapha aliinua mguu kwenye cherehani. Alikuwa mzee wa Kiislamu mwenye mita ya kupimia nguo shingoni na miwani iliyofungwa kwa uzi. "Mama Blaise, wallahi sijasema. Nimesema tu kwamba ananipita. Miye nimemushonea nguo ya arusi yule. Sasa ananipita kama nguzo. Mutu akikupita hivyo, unafikiri nini?"

Mathilde akamweleza. Alimweleza kwa kelele, kwa mikono, huku mtoto mgongoni akirukaruka: moyo uliolegea, skrini, dakika nane, amri ya kutosimama. Alipofika kwenye desturi ya kilimani sauti ikamkauka na akamalizia kwa kunong'ona.

Moustapha aliweka kitambaa chini. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Kumbe," alisema. "Kumbe ni hivyo." Kisha akakuna kidevu. "Mama Blaise, mugeni akiondoka kwako unafanya nini?"

"Namusindikiza. Swali gani hilo?"

"Na mukisindikizana munazungumza?"

"Tunazungumza."

"Na munasimama?"

Mathilde akageuka, akaitazama barabara, nyumba baada ya nyumba.

Jioni ile Dieudonnée alipotokea, Moustapha aliondoka kwenye cherehani, akaingia barabarani na kushika mwendo ubavuni mwake. "Habari ya siku nzima, mama? Mutoto ameshindaje? Blaise anasema nini kule Salamabila?" Dieudonnée alishtuka, kisha akajibu, wakaenda wakizungumza hadi mpaka wa nyumba ya nne. Hapo Moustapha akamwita mwenye nyumba, akamwambia maneno mawili, akamkabidhi mgonjwa, akarudi kushona. Wa nyumba ya nne akamfikisha ya tano. Wa tano hakuelewa vizuri lakini alikuwa mtu wa adabu, akasindikiza naye.

Baada ya wiki moja mtaa mzima ulikuwa umeshika kazi. Mathilde alisimama mlangoni na mjukuu na hakuamini macho yake. Mkwe wake alikuwa anapokelewa na kukabidhiwa, nyumba kwa nyumba, saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi jioni, na hakuna aliyemsimamisha. Yule mwanamke wa kwenye foleni ya maji ndiye aliyekuwa wa kwanza kutoka kila siku, tena na viatu vizuri. Serge alipokuja kuangalia, alisimama katikati ya barabara mikono kiunoni, akacheka mpaka akatoa leso.

"Nilikuwa najiuliza nani atampimia pumzi," alisema. Akawakusanya, akawaambia: akijibu salamu yote bila kukata, mwendo ni mzuri. Akianza kujibu neno moja moja, mupunguze. Akiacha kujibu, mumukalishe na munipigie simu. Watu wakaitikia kwa uzito, kama watu waliopewa cheo.

Miezi ikaenda. Haikuwa njia iliyonyooka. Wiki moja ya mvua Dieudonnée alishikwa na homa, wakarudi dakika tano kama watu wanaoanza. Siku nyingine aliamka amechoka, akalia, akasema mtoto atatembea mwenyewe hadi kilimani kabla yeye hajaweza kumbeba. Maana ndivyo ilivyokuwa: Serge alimruhusu kufunga mgongoni kilo mbili za mchele ndani ya kitenge, akatembea nazo, mtoto ana kilo saba. Akaruhusiwa nne, mtoto ana nane. Mathilde, kwa akili yake, akaanza kumpunguzia mjukuu uji ili mama amfikie. Ilichukua siku mbili tu kugunduliwa, kwa sababu Esther-Divine alikuwa na mapafu mazuri na aliutangazia mtaa mzima. Serge siku hiyo hakumwuliza Mathilde kama amekula.

Mwezi wa tisa tangu augue, daktari aliwasha tena ile mashine. Mathilde aliingia akiwa ameinamisha uso, kama mtu anayeingia kuangalia maiti, akaangalia kwa jicho moja. Kisha kwa yote mawili. Moyo ulikuwa unafunga na kufungua, unafunga na kufungua, kwa nguvu, bila kuchoka, ndani ya kifua cha mwanamke aliyelala akitabasamu. Ulikuwa moyo uleule. Hakuna aliyeufungua, hakuna aliyeushona. Vidonge, ndiyo, lakini na miguu pia, na salamu za watu wa mtaa, asubuhi na jioni. Mathilde akaisogelea skrini. Kanisani aliwahi kuogopa, na msibani aliwahi kuogopa, lakini woga huu ulikuwa mwingine, ulikuwa mtamu, na hakujua auweke wapi.

"Umerudi vizuri," daktari alisema. "Dawa bado zinaendelea. Lakini mtoto anaweza kubebwa. Kwa kipimo, na kupumzika njiani."

Wakaondoka kwa pikipiki mbili, wakapita Wamaza, mpaka chini ya kile kilima. Waendesha pikipiki wakabaki hapo. Njia ilikuwa nyembamba, nyekundu, inapanda kati ya mihogo na kupotelea juu. Mathilde alimfungua mtoto kutoka mgongoni kwake, akamweka mgongoni mwa mama yake, akavuta kitenge, akakaza fundo mara mbili. Esther-Divine alikuwa na kilo tisa na miezi kumi na moja. Alipogundua mgongo umebadilika alipiga yowe, akanyoosha mikono yote miwili kumtaka Mathilde.

Ilimkata Mathilde maini. "Nenda," alimwambia Dieudonnée. "Akiniona hatanyamaza. Nitakuja nyuma."

Akawaacha watangulie, akafuata. Hatua mia moja za kwanza alikwenda vizuri, akisikiliza kile kilio mbele. Kisha kifua kikaanza kupanda na kushuka, magoti yakauma, akasimama. Akajaribu tena. Mwaka mzima alikuwa ametwanga, amechota, amebeba, lakini barabarani hakuwahi kusindikiza hata siku moja. Alibaki mlangoni na hofu yake. Akaona jiwe, akakaa. Juu kule kitenge cha bluu kilizidi kuwa kidogo, kikasimama kupumzika, kikaenda, kikasimama, kikaenda, kikapotea.

Kilio kikakatika.

Mathilde akangoja vigelegele. Ndivyo alivyoambiwa: kitenge kikifunguliwa, nyumba nzima inapiga vigelegele hadi bondeni wanasikia. Alingoja. Upepo ulipita kwenye mihogo. Hakuna kitu. Akangoja tena. Ameanguka. Ameanguka huko juu na mtoto mgongoni, na ni mimi niliyefunga fundo. Akajaribu kuinuka na miguu ikakataa. Akamwita Mungu, akamwita mume wake marehemu, akamwita Serge.

Ndipo kitenge cha bluu kikatokea pale juu, kinashuka.

Dieudonnée alishuka taratibu, anachagua pa kukanyaga, mkono mmoja nyuma unamshikilia mtoto. Mtoto alikuwa amelala, shavu limebanwa kwenye mgongo wa mama yake, mate yanamchuruzika.

"Umefanya nini?" Mathilde alipiga kelele. "Umeshindwa? Unaumwa? Kaa chini!"

"Nimefika, Mama. Nimepumzika hata maji nimekunywa." Dieudonnée alikuwa anatabasamu. "Mama yangu amekataa kufungua. Ameniuliza, yule aliyekubebea mutoto mwaka mzima iko wapi? Nikasema iko chini, amechoka. Akasema basi, kitenge hakifunguliwi mpaka afike. Alitaka kutuma watu. Nikasema hapana, nitamufuata mwenyewe."

Mathilde alimtazama. Huyu ndiye aliyekuwa anamwogesha kwa kitambaa. Huyu ndiye aliyehema kwa kufika chooni. Akasema, "Na weye ukakubali? Na moyo wako?"

"Njoo, Mama," Dieudonnée akamnyooshea mkono. "Polepole."

Wakapanda. Kila hatua chache Mathilde alisimama, na Dieudonnée akasimama naye, akamweleza hapa alichezea utotoni, pale kulikuwa na shamba la baba yake, mmoja anaongea bila kukata na mwingine anaitikia kwa kichwa tu. Mathilde alisikiliza ile sauti iliyokuwa nzima, ndefu, inayopanda kilima kwa mara ya pili siku moja na kilo tisa mgongoni, na machozi yakamtoka hadharani bila yeye kujisumbua kuyafuta. Yalikuwa maajabu. Yalikuwa maajabu na alikuwa ameyashika mkono.

Juu, mbele ya nyumba, mama yake Dieudonnée alikuwa amesimama na fimbo, mdogo, mkavu, mkali wa macho. Alimsalimu Mathilde kwanza, kwa mikono miwili. Kisha akaiweka fimbo chini, akazunguka nyuma ya binti yake, na vidole vyake vikaanza kuhangaika na fundo la Mathilde lililokazwa mara mbili, mpaka likaachia.

Esther-Divine akaamka. Akamwona bibi mmoja amemnyooshea mikono, akamwona na Mathilde, naye kanyoosha mikono kwa mazoea bila hata kufikiri. Aliwatazama wote wawili kwa muda. Halafu akageuka, akaishika shingo ya mama yake, akajificha huko.

Mathilde akateremsha mikono.

"Musaliti!" alimwambia, na kabla mtu mwingine hajafungua kinywa, akapiga vigelegele yeye wa kwanza, kwa pumzi yote ndogo aliyobaki nayo.